Kizimba cha Pili

Miaka thelathini na mmoja nilifungua mlango wa kizimba
katika mahakama ya Dundee, nikaufunga,
nikasimama kando, mikono nyuma.
Niliwaona wezi wa baiskeli, waghushi wa hundi,
mama mmoja aliyempiga jirani kwa samaki wa barafu.
Wote walishika ule ubao wa mwaloni mahali pamoja
mpaka ukang'aa kwa jasho la viganja.
Sikudhani nitajenga kingine, sebuleni kwangu,
kwa ajili ya mnyama mrefu kama soksi
aliyezaliwa na barakoa ya mwizi usoni.

Struan wa ghorofa ya chini alihamia Aberdeen,
akaniachia fereti ndani ya boksi la viatu.
"Wiki mbili tu, Bwana Lorimer."
Hiyo ilikuwa Februari. Sasa ni Oktoba,
na mvua inaingia kwa ubavu kutoka mtoni.

Ishbel akasema, basi mjengee.
Akasema tena, lakini si kabati langu la shuka.

Likawa kabati lake la shuka.
Niling'oa milango, nikatia wavu wa chuma
wenye macho membamba kuliko kidole changu cha mwisho,
maana kichwa chake kikipita, kiwiliwili hufuata
kama maji, kama uvumi.
Wavu chini huchubua nyayo; nikatandika zulia la plastiki
lililobaki tulipotengeneza jiko mwaka ule wa theluji.
Ghorofa tatu, ngazi za mlalo, asije akaanguka kutoka juu.
Mbali na hita, mbali na jua la dirishani
(jua la Dundee! lakini joto humuua upesi kuliko baridi).
Randa za mwerezi, hapana: hunukia vizuri na huchoma mapafu.
Kila pembe kwake ni choo, na hana mjadala:
hurudi kinyumenyume, mkia juu,
macho mbele kama hakimu anayesoma hukumu.
Nikampa trei pembeni. Akachagua pembe nyingine.
Nikaihamisha trei.

Ishbel alishona kitanda cha kuning'inia
kutoka kwenye koti langu la kazi, lile jeusi.
Hakuniuliza. Alikata vifungo kwanza,
sita, vya shaba, akaviweka ndani ya bilauri.

Mimi nilikuwa najenga tundu,
Morven alikuwa anatafuta tundu.
Neno moja, mawakili wawili.

Usiku wa kwanza nilitia komeo, nikazungushia na waya.
Alfajiri komeo liko vilevile, waya uko vilevile,
kizimba kitupu.
Tulitafuta chini ya friji, nyuma ya kochi,
ndani ya mashine ya kufulia
(mpaka leo Ishbel haiwashi kabla ya kuita jina).
Nilimkuta ndani ya kiatu changu cha mahakama,
kilichokaa bila mguu tangu nistaafu.
Nikamwinua. Akaning'inia kama kitambaa kilicholowa.
Nikamtikisa, nikamwita, nikamwita tena,
sauti yangu ikawa ya mtu nisiyemjua.
Ndipo akapiga miayo, meno yote nje.
Kumbe hivyo ndivyo wanavyolala.
Chini yake: kifaa cha masikio cha Ishbel, ufunguo wa stoo,
na vifungo vyangu vitano.

Siku hizi mlango nauacha wazi tangu chai ya asubuhi.
Anakimbia korido, anarukaruka kwa ubavu kama mlevi wa harusini,
anaiba soksi moja, kamwe si mbili.
Jioni nasimama kando ya kizimba, mikono nyuma, mazoea tu.
Anapanda ngazi, anazunguka mara tatu ndani ya koti,
anavuta mkono wa koti juu ya pua.
Wale wengine wote ilibidi niwashike kiwiko.

Kifungo cha sita hatujakipata.
Ishbel anasema kipo chini ya sakafu, tubomoe ubao mmoja.
Nimemwambia tungoje kidogo.